Karafuu Zimepimwa, Wachumaji Hawajaandikwa



Kazi yangu ni uhasibu, na nimezoea kuamini kilichoandikwa. Nilipokuja Pemba kwa Idi niliulizia daftari la babu, alimokuwa akiandika majina ya wachumaji na pishi za kila siku. Nikaletewa sanduku, mchwa walishakula nusu ya kurasa. Katika majina yaliyobaki nilitambua mawili tu. Bibi mmoja jirani yetu aliyajua karibu yote: nani alitoka wapi, nani alianguka mkarafuuni, nani alioa hapa akabaki. Sikuwa na kalamu. Nilisema nitarudi. Niliporudi, tulikuwa tumeshamzika.

Mkarafuu si mti wa asili wa kwetu. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza mashamba yaenee. Mwanzo Unguja ndiyo iliyotangulia. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka kwetu. Kazi ya mashamba makubwa ilifanywa zaidi na watumwa walioletwa kutoka bara, hadi amri ya 1897 ilipouondolea utumwa nguvu ya sheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa shirika la biashara la serikali, ZSTC, na karafuu zote zikauzwa kwake.

Haya yanapatikana katika vitabu na nyaraka, kwa sababu waliotunza kumbukumbu walihesabu tani, bei na ushuru. Aliyepanda juu ya mti, aliyechambua makonyo usiku, na mtoto aliyekosa skuli wakati wa msimu, hawa wamo vichwani mwa wazee tu.

Si sisi peke yetu. Katanga, nchini Kongo, mgodi wa Shinkolobwe ulitoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima la 1945. Dunia nzima inalijua bomu hilo. Waliochimba urani ile kwa mikono ni wangapi wanaowajua? Popote maisha ya watu yanapoegemea zao au madini moja, mali ndiyo huandikwa na wenye jasho husahauliwa.

Wapo wazee wanaosema mengine yafunikwe, hasa habari za nani alikuwa mtumwa wa nani. Hofu yao naielewa. Ukoo mtu hutukanwa nao. Lakini mambo haya yakinyamaziwa hayafi, hubaki kunong'onwa. Ndiyo maana tunapendekeza kila familia iamue yenyewe lipi lisomwe na wote na lipi liwekwe chini ya kufuli. Lililoandikwa na kufungiwa laweza kufunguliwa na wajukuu. Lililozikwa na mwenyewe halifunguliwi.

Mwaka huu jumuiya inaomba michango kwa mambo matatu: vinasa sauti, posho ya vijana wawili watakaozungumza na wazee kabla ya msimu ujao, na kabati la chuma kwenye maktaba ya skuli, mahali pasipofika mchwa. Kila shilingi itakatiwa risiti na hesabu itasomwa kwenye mkutano mkuu.

Asiye na fedha ana mchango pia. Fungua sanduku la marehemu baba yako. Risiti ya karafuu, picha ya kambi ya wachumaji, barua kutoka Wete au Mombasa, usiichome. Tuletee tuipige picha, kisha uondoke nayo. Na kama una mzazi aliye hai, kaa naye leo, na kalamu uwe nayo.

Wabillahi tawfiq.