Hila ya Muench: jinsi XSLT ilivyojifunza kupanga vikundi

Ukitaka kumtambua mtu aliyeandika XSLT mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtajie jina Muench. Atacheka, au atashika kichwa. Leo nataka kueleza kisa cha jina hilo, maana hila yenyewe bado imo kwenye mafaili mengi yanayofanya kazi, na wanaoyarithi hawajui ilitoka wapi.

Kwa wageni: XML ni maandishi yaliyofungwa ndani ya elementi, elementi moja ndani ya nyingine, kama sufuria zilizopangwa kabatini. XSLT ni lugha ya kuandikia stailishiti, yaani maelekezo ya kugeuza hati moja ya XML iwe hati nyingine, kwa mfano ukurasa wa wavuti. Toleo la 1.0 lilipitishwa na W3C tarehe 16 Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark. Lilikuja na mengi mazuri, kupanga kwa alfabeti kukiwemo. Kupanga vikundi? Hakuna.

Sasa chukua orodha ya watu, kila mtu na mji wake. Unataka jina la mji liandikwe mara moja, kisha watu wa mji huo chini yake. Katika lugha nyingi unapita kwenye orodha ukikumbuka mji uliopita. Mji ukibadilika, unaandika kichwa kipya. XSLT hairuhusu hivyo. Kigeugeu chake, licha ya jina, hakigeuki: ukishakipa thamani, imebaki hiyo. Kwa hiyo watu walikuwa wakimuuliza kila mtu kwenye orodha: je, kuna aliyekutangulia mwenye mji kama wako? Kwa watu 50 ni sawa. Kwa watu 10,000, katika hali mbaya kabisa, hiyo ni milinganisho karibu milioni 50. Unaenda kunywa chai, unarudi, kompyuta bado inahema.

Steve Muench alikuwa Oracle, kampuni ya hifadhidata, na mwaka 2000 alitoa kitabu kuhusu XML na Oracle. Aliona kwamba XSLT 1.0 tayari ilikuwa na kitu kinachofanana na faharasa ya hifadhidata: xsl:key. Kiliwekwa kwa ajili ya kufuata marejeo ndani ya hati, lakini mtu aliyezoea faharasa anakiangalia kwa jicho lingine. Hila ni hii:

<xsl:key name="kwa-mji" match="mtu" use="mji"/>

<xsl:for-each select="mtu[generate-id() = generate-id(key('kwa-mji', mji)[1])]">

Mstari wa kwanza unajenga faharasa: mpe mji, akupe watu wake wote. Wa pili unamuuliza kila mtu swali moja tu: wewe ndiye wa kwanza katika kikundi cha mji wako? Anayejibu ndiyo anasimama kwa niaba ya wenzake. Hakuna tena kulinganisha kila mtu na kila aliyemtangulia. Jeni Tennison, Mwingereza, aliieleza hila hiyo kwa uvumilivu kwenye tovuti yake, na wengi wetu tuliijua kupitia kwake. Jina la Muench likageuka jina la mbinu.

Ni hila nzuri, lakini tusidanganyane: mstari ule wa pili hausemi unachokifanya. Ukiusoma bila kufundishwa, hutajua kwamba unapanga vikundi. Na una mtego, ambao niliuingia mwenyewe.

Nilikuwa natengeneza orodha ya wanachama wa chama kimoja. Hati ilikuwa na elementi za tawi, na ndani ya kila tawi, watu. Nikataka kila tawi ligawanywe kwa miji. Nikaiweka hila kama ilivyo. Kumbe ufunguo haujali mipaka ya tawi. Unaikusanya hati nzima. Mtu wa kwanza wa Njoro alikuwa tawi la kwanza, basi watu wote wa Njoro, hata wa tawi la pili, wakaorodheshwa tawi la kwanza. Jumla ya wanachama ilikuwa sahihi kabisa! Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mpaka watu walipoitwa kwenye mkutano wa tawi lisilo lao. Dawa ni kuunganisha utambulisho wa tawi na mji:

use="concat(generate-id(..), '|', mji)"

na kutafuta kwa muunganiko huohuo kila unapouita ufunguo. Ni kazi ya dakika moja. Kuijua kulinichukua siku mbili.

W3C nao walisikia kilio. Mahitaji ya toleo la 2.0, yaliyoandikwa mwaka 2001, yalitaja kurahisisha vikundi. Lakini toleo lenyewe, lililohaririwa na Michael Kay, mtengenezaji wa Saxon, lilipitishwa tarehe 23 Januari 2007. Miaka saba na zaidi! Ndani yake:

<xsl:for-each-group select="mtu" group-by="mji">

Basi. Ukiiandika ukiwa ndani ya tawi, inagusa watu wa tawi hilo tu, kwa sababu inapanga kile ulichokichagua na si hati nzima. Kosa langu lisingetokea. Kuna na group-starting-with, ambayo inakata mfululizo wa vichwa na aya usio na ngazi kuwa sura: kila kichwa kinaanzisha kikundi kipya, aya zinazofuata zinaingia humo. Kwa 1.0 hilo nalo lilihitaji hila, kila aya ikitafuta kichwa kilicho karibu nyuma yake.

Ungedhani hila ya Muench ilikufa siku hiyo. Wapi! Vivinjari vilibaki na 1.0, na libxslt, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za seva, ni ya 1.0 vilevile. Toleo la 3.0 lilikuja mwaka 2017, vivinjari havikugeuka. Mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT kabisa kwenye kivinjari chao.

Orodha yangu ya matawi haikutegemea kivinjari. Iligeuzwa kwenye seva, kwa libxslt. Nilipoifungua juzi, ule mstari wa concat ulikuwa palepale, na juu yake maoni niliyojiandikia: usiguse kabla ya kuhesabu watu wa Njoro.