Njia ya Lubaga

Jembe ndilo lililotangulia. Makuhani wa Kikinga walilibeba pamoja na chumvi, wakateremka milima ya Livingstone, wakafika Lubaga, msitu mtakatifu wa Lwembe katika nchi ya Selya, huko Unyakyusa. Wakinga walikuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma. Wanyakyusa, waliojaaliwa migomba, ng'ombe na mvua isiyokatika kirahisi, chuma walikipata kwa jirani. Kwa hiyo waliokwenda kuomba na waliokwenda kubadilishana mali walipita njia moja, na huenda ni kosa letu sisi wa leo kutaka kujua nani alikuwa nani.

Masukulu iko upande wa chini wa nchi hiyo, kwenye miteremko inayotoka Tukuyu kuelekea tambarare ya Kyela na Ziwa Nyasa. Wageni husifu maziwa ya volkano yaliyo pande hizo, hasa Kisiba kule Masoko, ambako Wajerumani walijenga boma. Lakini zamani, kabla ya boma lolote, miteremko hii ilikuwa nchi ya kupitia. Kutoka kusini, ng'ambo ya mto Songwe, Kyungu wa Ngonde, mkuu wa nchi ya Karonga iliyo Malawi ya leo, alikuwa akipeleka zawadi Lubaga kupitia wajumbe wake. Simulizi zinawataja Kyungu na Lwembe kuwa ndugu, wote wawili wametoka Ukinga, na ni uzao wao ulioleta moto, ng'ombe na chuma kwa watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Wanaosimuliwa kuwa walikula vibichi, bila shaka, hawakuulizwa.

Habari nyingi za njia hiyo tumezipata kwa Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica kuhusu ibada za jumuiya kilitoka mwaka 1959. Kinachoshangaza ndani yake ni idadi ndogo ya waliosafiri. Kwenda Lubaga hakukuwa kazi ya kila mwenye imani. Walikwenda wenye cheo cha ukuhani, kwa urithi, huku nchi nzima ikibaki shambani na kwenye mazizi ikisubiri matokeo: mvua, mavuno, ng'ombe wenye afya. Safari ilikuwa ya wachache, na faida ilikuwa ya wote.

Aliyekuwa mwisho wa safari hiyo naye hakuwa wa kuonewa wivu. Lwembe wa kila kizazi alikuwa mtu aliye hai, na mwili wake ulihesabiwa kuwa ndio afya ya nchi. Akiugua, hakuachwa afe kama watu wengine. Makuhani walimziba pumzi, na kabla ya hapo nywele na kucha zake zilikwisha kung'olewa ili rutuba isiondoke naye. Wanaume waliostahili kurithi nafasi hiyo walijua vizuri kinachowangoja, na wapo waliokimbia wasishikwe.

Na hata wale makuhani hawakuweza kufika tu, wakachinja, wakarudi. Kwanza ilibidi kila mmoja aseme kinyongo alichonacho moyoni. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa huifunga mvua, hata kama ng'ombe aliyechinjwa ni mnono. Kasitile, kuhani na mganga wa mvua aliyezungumza sana na akina Wilson, anatokea kitabuni kama mtu mwenye ugomvi mwingi na wenzake, juu ya nyama, juu ya heshima, juu ya nani hakualikwa. Ukisoma habari zake unaona kwamba sehemu ngumu ya safari ilikuwa nyumbani, kabla mtu hajainua mguu.

Pwani, kwa Waislamu, mambo yalikuwa kinyume. Hija ni faradhi juu ya shingo ya mtu mmoja mmoja mwenye uwezo, na majirani zake wakibaki hawapungukiwi kitu. Ziara za makaburi ya mawalii ni hiari. Wakristo nao walilichukua neno hilo hilo la Kiislamu bila wasiwasi: Wakatoliki huhiji Bagamoyo, walikofika mapadri mwaka 1868, na kila tarehe 3 Juni maelfu huhiji Namugongo, Uganda, wengine kwa miguu siku nyingi.

Rungwe ilipata wageni wake mwaka 1891. Wamisionari wa Kimoravian walitoka Ujerumani, wakapita Ziwa Nyasa, wakajenga kituo chini ya mlima Rungwe. Wamisionari wa Berlin walikuja mwaka huo huo. Jina ambalo Wakristo wa Kinyakyusa humwitia Mungu mpaka leo ni Kyala, na Kyala huyo alikuwa kwanza shujaa wa kale ambaye watu walimtolea sadaka katika pango la ufukweni mwa ziwa, upande wa Ikombe na Matema. Njia za kwenda pangoni zilipungua watu, jina likapanda mimbarani.

Kisha wanaume wakaanza kwenda mbali kuliko kuhani yeyote: kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na Afrika Kusini kwa mikataba ya Wenela, wakala wa kuajiri wachimba migodi. Hizo nazo zilikuwa safari zenye kuaga na kungojwa, ingawa hakuna aliyeziita ibada.

Safari iliyobaki na uzito wa zamani Unyakyusa ni ya msiba. Monica na mumewe waliona mazishi yakiwa makubwa kuliko sherehe nyingine: ng'ombe wakichinjwa, wanaume wakicheza na mikuki, na ndugu aliyekosa kufika akinyooshewa kidole. Leo maiti husafirishwa kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 900, ikazikwe nyumbani, na watu wa Masukulu walio mijini hukodi Coaster usiku huo huo. Hapa hakuna kuhani wa kutumwa kwa niaba ya wengine. Kila mtoto wa ukoo hutakiwa aonekane kwa sura yake. Simu imelegeza kidogo sharti hilo. Asiyepewa ruhusa kazini hutuma rambirambi kwa M-Pesa, na jina lake huandikwa kwenye daftari pamoja na kiasi alichotoa, tayari kwa siku atakapofiwa yeye.