Ligi ya Mkoa Kagera: Kutoka Muleba hadi Ligi Kuu ni safari ya ngazi ngapi?

Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, Kagera ilibaki bila timu Ligi Kuu. Wanankurukumbi walikuwa wamekaa humo zaidi ya miaka 15. Msimu wa 2016/17 walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba. Mei 2018 waliifunga Simba bao 1-0 Dar es Salaam, siku ambayo Rais John Magufuli alikwenda kukabidhi kombe la ubingwa.

Sasa swali la mashabiki wa Bukoba na Muleba ni hili: timu nyingine ya mkoani ikitaka kupanda, inaanzia wapi?

Inaanzia chini kabisa, ligi ya wilaya, chini ya chama cha soka cha wilaya. Wanaofanya vizuri huko wanaingia Ligi ya Mkoa, inayosimamiwa na chama cha soka cha mkoa. Hapo timu ya Muleba inakutana na za Bukoba, Karagwe, Kyerwa, Misenyi, Ngara na Biharamulo.

Wengi hudhani bingwa wa mkoa ameshapanda. Bado. Ubingwa wa mkoa ni tiketi tu ya Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, maarufu RCL, ambako TFF inakutanisha mabingwa wa mikoa mbalimbali.

Hapa ndipo ndoto nyingi huzimika. RCL huchezwa kwa vituo: timu zinapelekwa mji mmoja, zinapangwa makundi, na mechi zinafuatana ndani ya siku chache. Kikosi kilichohangaika miezi mingi mkoani kinaweza kutolewa ndani ya wiki. Ukiteleza mechi mbili, unarudi kuanza upya Ligi ya Mkoa mwakani.

Anayepenya RCL anaingia First League, iliyokuwa ikiitwa Ligi Daraja la Pili. Juu yake ni Championship, zamani Daraja la Kwanza, yenye timu 16. Mbili za juu zinapanda moja kwa moja Ligi Kuu, ya tatu na ya nne zinapitia mchujo. Mwaka 2025 Mtibwa Sugar na Mbeya City zilipanda, Kagera Sugar na KenGold zikashuka.

Kwa hesabu hiyo, timu ya Muleba inayoshinda kila kitu bila kukwama itacheza Ligi Kuu msimu wa nne. Ikikwama, hakuna anayejua.

Mpira wenyewe si tatizo kubwa, vipaji vipo. Tatizo ni nauli. Muleba hadi Bukoba ni kama kilomita 70, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini wilaya hiyo ina visiwa pia, kama Bumbire, Ikuza na Goziba. Kijana wa huko lazima avuke ziwa kwanza ndipo apande gari. Ukifika First League, safari si ya siku moja tena: kuna kulala, kula, dawa na posho. Ligi ya Mkoa inaweza kuendeshwa kwa michango ya mashabiki na mfuko wa kiongozi mwenye mapenzi. First League haiendi hivyo.

Ndiyo maana timu zinazofika juu mara nyingi zina taasisi nyuma yake. Kagera Sugar ina kiwanda cha sukari kule Misenyi. Jirani zao Geita Gold walibebwa na halmashauri ya mji wao: walipanda Ligi Kuu 2021, msimu wa kwanza wakamaliza wa nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mwaka 2024 nao wakashuka.

Kuna njia ya mkato, nayo si siri. Mwenye pesa hanyanyuki toka wilayani, anachukua timu iliyo juu tayari na kuihamishia kwao. DTB ilipanda mwaka 2022 na kugeuka Singida Big Stars. Ihefu ya Mbarali, Mbeya, leo ni Singida Black Stars. Singida ikapata timu haraka. Ila kwa klabu ya mchangani iliyopitia ngazi zote kwa jasho, inauma.

Faida moja Kagera wanayo: Kaitaba, katikati ya Bukoba, una nyasi bandia. Ulipokuwa ukitengenezwa, Kagera Sugar ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani mikoa mingine. Bingwa yeyote wa mkoa akifanikiwa kupanda, uwanja wa kuchezea ligi kubwa hautamsumbua. Kitakachomsumbua ni basi la kumtoa Bukoba.