Tiba ya mbizi na jina la ugonjwa wake

Tiba ya mbizi ni kumfundisha kupiga mbizi mtu aliyerudi vitani na jeraha la nafsi, chini ya uangalizi wa mkufunzi na mtaalamu wa afya ya akili. Ni tawi dogo la tiba ya michezo, nayo iko ndani ya huduma ambazo Tanzania huziita za utengamao: kumrejeshea mtu uwezo wa kuishi, kufanya kazi na kukaa na wenzake. Jina la tiba linaeleweka upesi. Jina la ugonjwa ndilo gumu.

Ugonjwa huo uliingia katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Wauguzi wa Kasongo na Kabambare, huko Maniema, mashariki ya Kongo, waliosomea kazi yao kwa Kifaransa, wanaujua kama état de stress post-traumatique. Kwa Kiswahili hutajwa mara nyingi kuwa msongo wa mawazo baada ya kiwewe. Sasa kiwewe, katika kamusi na midomoni mwa watu, ni kuchanganyikiwa kwa ghafla: bunduki inalia, mtu anashikwa na kiwewe, akitulia kinamtoka. Mgonjwa huyu hakimtoki. Tukio limekwisha lakini humrudia kama linatokea sasa. Hukwepa njia, harufu na watu wanaolikumbusha. Hukaa macho kama adui yuko mlangoni. Kwa mwongozo huo wa Marekani, dalili sharti zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo neno linalobeba istilahi nzima ni lile dogo, “baada”. “Mawazo” ndiyo yangefaa kuondolewa, maana msongo wa mawazo siku hizi ni wa karo na kodi ya nyumba pia. “Msongo wa baada ya kiwewe” inatosha. Na asili ya neno trauma katika Kigiriki ni jeraha, hivyo anayesema “jeraha la nafsi” hajakosea; ameacha tu kutaja muda.

Katika Kingwana, Kiswahili kilichokita Maniema kwa waungwana wa mfanyabiashara Tippu Tip waliokuwa na makao Kasongo, mgonjwa hataji kiwewe wala jeraha. Husema, “Niko na mawazo mingi.” Muuguzi mwenye haraka ataandika umaskini na kumpa pole.

“Baada” nayo ina mtego wake. Huko Salamabila, katika eneo la Kabambare, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na jeshi la serikali wamepambana mara kadhaa jirani na machimbo ya dhahabu ya Namoya, na mwaka 2019 mgodi wa kampuni uliopo huko ulisimamisha kazi kwa ukosefu wa usalama. Mtu anayeruka kwa mlio wa pikipiki mahali kama hapo huenda ni mgonjwa, huenda pia ana akili timamu kabisa. Mganga hana budi kuuliza kama hatari imepita kweli kabla ya kuandika kwamba imebaki kichwani tu.

Hata anayetibiwa hana jina lililotulia. “Mkongwe wa vita” huleta picha ya nishani na pensheni. Wengi wa kusini mwa Maniema hawakuwahi kuwa askari wa serikali; jirani zao husema tu kwamba wametoka porini. Mpango wa kitaifa ulioundwa mwaka 2021 wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha uraiani umeweka kuinua jamii katika jina lake lenyewe, kwa kuwa aliyetoka porini hurudi kijiji kilekile kilichomkimbia. “Mpiganaji wa zamani” ndilo jina lisilomtukuza wala kumtukana.

Mbizi, kwa upande wake, imechaguliwa vizuri. Kuzama ni kwenda chini usitake, pengine usirudi. Mzamiaji, bandarini Dar es Salaam, ni yule aliyejificha melini bila tiketi. Apigaye mbizi huingia kwa hiari na kutoka kwa hiari, na hapo ndipo tiba ilipo. Kanuni ya kwanza ya mwenye mtungi wa hewa ni kutobana pumzi kamwe, kwa sababu anapopanda hewa hutanuka mapafuni na inaweza kuyapasua: kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa angahewa moja. Basi hupumua polepole, bila kukatiza, na pumzi ya namna hiyo hutuliza mwili. Hakuna maneno, ni ishara za mikono tu, na mwenzake anaitazama geji yake kama yeye anavyoitazama ya mwenzake. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins waliwapima wanajeshi wastaafu 10 wenye majeraha ya uti wa mgongo, baada ya siku chache za mafunzo katika Visiwa vya Cayman, wakaona dalili za msongo wa baada ya kiwewe zimepungua sana. Kumi ni wachache mno kwa hukumu kubwa.

Mto Lualaba wa Maniema si Cayman. Maji yake ni ya tope na yana mamba. Kilicho karibu zaidi ni mchezo wa nchi kavu. Mwaka 2014, mjini Goma, UNICEF na ubalozi wa Brazil walianzisha kapoera kwa watoto waliotolewa katika makundi yenye silaha: wawili ndani ya duara, ngoma inalia, teke linapita juu ya kichwa kilichoinamishwa na haligusi mtu. Kiswahili kinalimudu hilo kuliko lugha nyingi, kwani twacheza ngoma kama tuchezavyo mpira. Lakini “si mchezo” ni kusema jambo ni zito, hivyo “tiba ya mchezo” inaweza kusikika kama mzaha. “Tiba ya michezo”, kwa wingi, ni salama zaidi. Wala mashindano peke yake si dawa: utafiti wa ligi ya soka ya vijana huko Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta dalili za huzuni na wasiwasi za wavulana walioshiriki zimezidi.

Kwa wapiganaji wa zamani wa mashariki ya Kongo, tiba iliyojaribiwa kwa makini zaidi ni ya simulizi, pia Goma: kamba hulazwa chini kuwa maisha ya mtu, ua likiwekwa penye jema na jiwe penye ovu, kisha kila jiwe husimuliwa hadi mwisho. Michezo iwe msaidizi wake. Na muuguzi wa Kasongo, akishaambiwa “mawazo mingi”, asifunge daftari kabla ya kuuliza: “Usiku unalalaka?”