Kinyozi wa Wittenberg na Deni la Sala

Mwanzoni mwa mwaka 1535 kinyozi mmoja wa mji wa Wittenberg, Ujerumani, alimwomba rafiki yake amweleze namna ya kusali. Kinyozi huyo aliitwa Peter Beskendorf, na watu wa mji walimfahamu kama Fundi Peter. Rafiki yake alikuwa Daktari Martin Luther, wakati ule mtu wa miaka 51, baba wa familia, anayesumbuliwa na mawe kwenye figo na mvumo masikioni usiokwisha.

Luther angeweza kumjibu kwa maneno mawili matatu na kwenda zake, lakini alimwandikia kitabu. Ni kitabu kidogo, unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Kilichapwa mwaka huohuo zaidi ya mara moja. Kinachonigusa kila ninapokirudia ni mahali kinapoanzia. Mwalimu mkuu wa Matengenezo ya Kanisa hamwanzii kinyozi na wajibu wake. Anaanza kwa kumwambia kwamba yeye mwenyewe, Luther, mara nyingi huona moyo wake umepoa na hauna hamu ya kusali, kwa sababu ya kazi na mawazo mengine. Kisha anaeleza anachofanya siku za namna hiyo: huchukua Zaburi yake ndogo, huingia chumbani au huenda kanisani walipo watu, na kujisomea polepole Amri Kumi, Imani na maneno mengine ya Maandiko, kama watoto wanavyofanya.

Kama watoto! Ili tuone maneno hayo yalimgharimu nini, inabidi turudi nyuma miaka 30.

Tarehe 17 Julai 1505 kijana Luther aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt. Wiki mbili kabla, radi ilimkuta njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, na kwa hofu akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baba yake, aliyekuwa amemlipia masomo ili awe mwanasheria, alikasirika sana. Kule monasterini Luther hakuwa mtawa mvivu. Alifunga kupita wenzake, alilala kwenye baridi bila blanketi la kutosha, na kwenye ungamo aliweza kukaa saa nyingi, hata sita, akichambua kila wazo lililompita. Alipotoka mlangoni alikumbuka dhambi nyingine, akarudi.

Mkubwa wake katika shirika, Johann von Staupitz, alimsikiliza kwa uvumilivu wa ajabu, ingawa alichoka. Luther alisimulia baadaye jinsi Staupitz alivyomwambia kwamba Mungu hakuwa amemkasirikia yeye. Yeye ndiye aliyemkasirikia Mungu. Mara nyingine alimtania kwamba anamletea Kristo vijidhambi vya kuchezea, hali Kristo ni Mwokozi wa wenye dhambi halisi. Na Luther alipohangaika akijiuliza kama Mungu amemchagua au amemkataa, Staupitz alimwambia aache kuchungulia mambo yaliyofichwa, aelekeze macho kwenye majeraha ya Kristo. Staupitz hakujiunga na Matengenezo. Alikufa mwaka 1524 akiwa abati wa monasteri huko Salzburg. Lakini mpaka uzeeni Luther alisema kwamba bila mtu huyo angezama.

Hadithi hiyo tunaijua. Wengi wetu tuliisikia kwenye darasa la kipaimara. Tunavyoisimulia, Luther aliteseka, akasoma Warumi, akagundua neema, akawa huru. Mimi pia nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Kuna sehemu tunayoiruka.

Mtawa alipaswa kusali sala za vipindi mara saba kwa siku. Luther alipokuwa daktari wa theolojia mwaka 1512, kazi zilimwelemea: kufundisha, kuhubiri, kusimamia monasteri kadhaa, kuandika barua. Hakupata nafasi ya vipindi vyote. Akafanya nini? Aliziweka sala alizokosa kama deni. Jumamosi, au baada ya wiki mbili au tatu, alijifungia chumbani na kulipa lote kwa mkupuo, bila kula wala kunywa. Mwenyewe aliwasimulia wageni wake mezani kwamba ilifika siku kichwa kilimzunguka, usingizi ukamkimbia usiku baada ya usiku, akaugua karibu na kufa. Ndipo akaacha.

Angalieni mwaka. Kwa maelezo yake mwenyewe, hayo yaliisha karibu mwaka 1520. Hoja 95 alikuwa amezitoa tarehe 31 Oktoba 1517. Waraka kwa Warumi alikuwa amekwisha kuufundisha darasani tangu mwaka 1515 na 1516. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mtu aliyewafundisha wengine kwamba tunahesabiwa haki bure aliendelea kujilipisha mwenyewe kila Jumamosi. Neema ilikuwa imefika kwenye mimbari na kwenye kalamu, lakini haikuwa imefika kwenye ratiba yake.

Nilipoielewa habari hii vizuri nilimkumbuka mama mmoja wa usharika niliotumikia nikiwa mchungaji kijana. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na muuza maandazi, anayeamka saa tisa usiku kukanda unga. Alikuja ofisini na daftari la shule. Upande mmoja aliandika siku alizosali na kusoma Neno, upande wa pili siku alizokosa, na upande wa pili ulikuwa umejaa. Alikuwa hajashiriki Meza ya Bwana kwa miezi minane. Aliniambia hawezi kusogea mezani na deni kama lile.

Ninaona aibu kuandika nilichomjibu. Nilimpa ratiba ya kuimaliza Biblia kwa mwaka mmoja, sura tatu kila siku na tano Jumapili, nikamwombea na kumsindikiza mlangoni. Nilidhani nimemsaidia. Nilikuwa nimemwongezea daftari la pili.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu lugha yetu, kwa sababu lilinizuia muda mrefu. Mtu akisema "kujihurumia", sisi tunamwona aliyekaa pembeni akilia kwamba hakuna anayemjali. Wazee wetu hawakupenda tabia hiyo, na walikuwa na sababu. Lakini Staupitz hakumfundisha Luther kujililia. Luther alikuwa hodari wa kujililia tayari, hilo halikuhitaji mwalimu. Alichomfundisha ni kuacha kuwa hakimu wa kesi ambayo Hakimu mwenye haki amekwisha kuitolea hukumu. Amri ile ya pili inayofanana na ya kwanza inatutaka tumpende jirani kama tunavyojipenda wenyewe. Nimewaona Wakristo wengi ambao wangempenda jirani jinsi wanavyojitendea wenyewe, jirani angehama mtaa.

Luther naye alijifunza polepole. Mwaka 1527 alipatwa na huzuni nzito na magonjwa, na tauni ikaingia Wittenberg. Katika miaka hiyohiyo tunamkuta akishughulikia bustani na kumwomba rafiki wa Nürnberg mbegu. Alipiga kinanda cha nyuzi, aliimba na watoto. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, na ukiisoma sehemu ya sala za nyumbani utakuta jambo ambalo tunalikariri bila kulisikia: baada ya sala fupi ya asubuhi, nenda kazini kwa furaha, baada ya sala ya jioni, lala upesi na kwa moyo mchangamfu. Yule aliyekosa usingizi kwa sababu ya sala sasa anaagiza watu wasali kisha walale.

Mwaka uliofuata, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia kijana Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyekuwa akizama katika huzuni. Alimwonya asikae peke yake. Atafute watu, acheze, afanye mzaha. Alimwambia hata anywe zaidi kidogo, na atende kosa dogo ili kumkomoa Ibilisi anayemtisha kwa sheria. Sehemu hiyo ya mwisho sitaihubiri, na wazee wa kanisa wasiwe na wasiwasi. Lakini ninaelewa alipokuwa anaelekea. Aliitambua ile sauti inayodai kila senti, na hakutaka kijana wa watu aitii kama yeye alivyoitii.

Sasa turudi kwa Fundi Peter. Luther anamshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na wazo linalosema, "Ngoja saa moja, kwanza nimalize hiki." Kwa hiyo hakuna ulegevu hapa, tabia njema inatakiwa, na inatakiwa kila siku. Upole umo katika kipimo. Kila amri, anasema, mimi huisokota kuwa taji la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Kisha anamtahadharisha asijilazimishe kuzimaliza zote, roho isije ikachoka. Sala njema haihitaji kuwa ndefu; afadhali ije mara kwa mara na kwa moyo. Na kama wazo moja limeuwasha moyo, aliache lililobaki, anyamaze, asikilize. Yeye mwenyewe, anasema, bado anainyonya Sala ya Bwana kama mtoto mchanga, ingawa ni mzee.

Katika kueleza umakini anatumia mfano wa kazi ya rafiki yake. Kinyozi mzuri huweka mawazo na macho yake kwenye wembe na nywele. Akipiga soga na kutazama huku na huku, atamkata mteja pua au hata koo.

Huenda Luther alitabasamu alipoandika hayo. Majuma machache baadaye, Jumamosi ya kuamkia Pasaka ya mwaka 1535, Fundi Peter alikuwa mezani na mkwewe, mwanajeshi aliyejigamba kwamba chuma hakiwezi kumdhuru. Peter akamchoma kisu. Mkwe akafa.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga kitabu. Tungependa mtu aliyeandikiwa maneno mazuri vile aishi vizuri baada yake. Historia haikutupa hilo. Imetupa swali gumu zaidi: je, upole huu una neno lolote kwa mtu aliyefanya kosa halisi, lenye maiti na mjane, na mjane huyo ni binti yake mwenyewe?

Luther na naibu chansela Franz Burkhard walimwombea mbele ya wakuu. Peter hakuuawa. Lakini hakusamehewa kana kwamba hapakuwa na kitu: alifukuzwa Wittenberg, akapoteza mali yake, akaenda kuishi Dessau. Hakuna aliyesema mkwe alijitakia, na hakuna aliyesema Peter hafai tena kuwa rafiki. Mambo hayo mawili Luther aliweza kuyashika pamoja, na sisi mara nyingi tunashika moja tu. Anayejitetea hulificha kosa, na anayejitesa huligeuza kosa kuwa jina lake. Wote wawili hawana nafasi ya kupokea rehema, wa kwanza kwa kuwa haihitaji na wa pili kwa kuwa amekwisha kujihukumu.

Isidhaniwe kwamba ninamfanya Luther kielelezo cha upole. Maneno yake dhidi ya wakulima mwaka 1525 yalikuwa makali mno, na kitabu chake dhidi ya Wayahudi cha mwaka 1543 ni cha kutisha. Makanisa ya Kilutheri duniani yamekikataa waziwazi, na yalipaswa. Rehema aliyoipokea hakuigawa kwa wote. Ninalisema hili kwa sababu ndugu zetu wengine hufikiri mtu akishajua neema amefika. Luther aliikosa kwa upande wake mwenyewe mpaka mwaka 1520, na kwa upande wa wengine aliikosa mpaka kaburini.

Yule mama nilimfuata nyumbani kwake baada ya karibu mwaka mmoja. Nilikuwa nimesoma habari za deni la Jumamosi wakati nikiandaa somo la Sikukuu ya Matengenezo, na sikulala vizuri. Nilimkuta barazani akipepeta unga. Nilimwomba radhi kwanza kwa ile ratiba. Alishangaa, maana alidhani nimekuja kumwuliza alifika kitabu gani. Alikuwa amekwama Mambo ya Walawi tangu mwezi wa pili.

Nikamweleza habari za mtawa aliyejifungia kulipa sala. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza, "Mchungaji, na zile alizokosa baada ya kuacha, nani alizilipa?" Nikamwambia zilikwisha kulipwa kabla hajazaliwa. Tukakubaliana jambo moja dogo: asubuhi, wakati mafuta yanapata moto, achukue ombi moja tu la Sala ya Bwana na kukaa nalo. Siku likimpita, limepita. Na Jumapili inayofuata aje mezani.

Alikuja. Sijui alikosa siku ngapi baada ya hapo, sikumwuliza. Mara ya mwisho tulipoonana lile daftari lilikuwa kwenye meza yake ya biashara, na upande wa pili, ule uliokuwa umejaa, alikuwa ameuchana. Kurasa zilizobaki alikuwa akiandikia wanaokopa maandazi.