Barua za Mkonge: Shule Ilivyoingia Kibondo na Kasulu



Kamati ya kijarida hiki imeniomba niandike juu ya faida ya shule katika maisha ya watu wetu wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mtoto wa Kibondo, na nilisoma shule ya kati Kasulu kabla sijapanda treni ya Tabora. Pili, liko jambo nililolifanya nikiwa na umri wa miaka 11 ambalo sijapata kuliandika mahali popote, nalo lilinifundisha juu ya shule kuliko vyeti vyangu vyote. Nitalieleza mahali pake. Kwanza tuitazame historia.

NCHI ILIYOTOA MIKONO

Sisi Waha tulikuwa na tawala zetu kabla ya wageni kufika. Upande wa Kasulu ulikuwako utawala wa Heru, na upande wa Kibondo zilikuwako tawala za Muhambwe na Buyungu, pamoja na nyingine. Mtawala aliitwa Mwami. Wengi wa rika langu wanamkumbuka Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke, aliyekuwa mmoja wa wa mwisho kukalia kiti hicho kabla uchifu haujafutwa nchini mwaka 1963. Namtaja kwa makusudi, maana bado wako wazee wanaosema kwamba mtoto wa kike hana haja ya kusoma kwa kuwa hatatawala.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mtu angedhani kwamba reli ingetuletea neema, lakini kwa miaka mingi kazi yake kubwa kwetu ilikuwa kuwachukua vijana. Serikali ya Mwingereza ilidai kodi kwa fedha taslimu. Mazao ya kuuza yalikuwa machache na masoko yalikuwa mbali. Fedha ilikuwa Tanga, katika mashamba ya mkonge. Miaka ya 1930 nayo ilikuja na taabu nyingine: kwa ajili ya ugonjwa wa malale, watu wengi walihamishwa kutoka sehemu zenye mbung'o wakakusanywa mahali pamoja.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, maarufu kwa jina la SILABU. Kibondo na Kasulu zikawa ghala la mikono. Kijana alipimwa afya, akaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akapewa namba, akapandishwa lori hadi Kigoma, kisha treni kuelekea mashariki. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Kule alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukulipwa mpaka siku hizo zitimie. Siku ya kuumwa haikuandikwa.

Tazameni jambo hili kwa makini. Tangu kodi mpaka kipande, kila kitu kilichoyatawala maisha ya Mha kilikuwa karatasi, na Mha mwenyewe hakujua kusoma.

SHULE YA WACHACHE

Shule zilikuwako, lakini zilikuwa chache. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Ujiji tangu mwaka 1879, na baadaye kazi yao ikapanda milimani; Kabanga, karibu na Kasulu, palijengwa hospitali na chuo cha ualimu. Waanglikana wa CMS nao walifanya kazi Buha. Shule nyingi za vijijini zilikuwa za miaka minne tu. Baada ya darasa la nne ulikuwako mtihani, na wengi walibaki hapo. Waliobahatika waliingia shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Baada ya hapo ulikuwako mtihani mwingine, uliokuwa mkali zaidi.

Hata baada ya Uhuru hali haikubadilika kwa siku moja. Mwaka 1961 nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Mwalimu Nyerere alizitaja hesabu hizo katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, akasema pia kwamba ni asilimia 13 tu ya waliokuwa wakimaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Sisi tuliopita katika tundu hilo la sindano tulijiona mabingwa. Ni kweli tulifanya bidii. Lakini kila mmoja wetu aliacha nyuma wenzake wenye akili kama yake, au zaidi.

BARUA NILIYOISOMA VIBAYA

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mwaka 1961 nilikuwa darasa la nne. Kwenye vilima vyetu watoto waliojua kusoma Kiswahili sawasawa hatukuzidi watatu. Kwa hiyo barua zote kutoka Tanga zililetwa kwetu. Ziliandikwa kwa Kiswahili na karani au kibarua mwenzao aliyejua kuandika, nasi tulizisoma na kuwatafsiria wazazi kwa Kiha. Tulilipwa ndizi mbivu, au karanga, na sifa nyingi. Mzee mwenye mvi alikaa chini kwenye ngozi akimsikiliza mtoto kama anavyosikiliza baraza.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na mtoto wake wa kwanza huko Korogwe. Siku moja aliniletea barua. Nilipoisoma kimya kwanza, nikaona kwamba yule kijana anasema ameoa huko huko, hatarudi Kibondo, na shamba la migomba la marehemu baba yake apewe mdogo wake. Nilimtazama yule mama. Alikuwa anatabasamu akingoja. Nikashindwa. Nikamwambia: "Anakusalimu sana, mama. Ni mzima. Atarudi mkataba ukiisha."

Mama yule alishukuru, akaikunja barua, akaitia katika kopo pamoja na nyingine.

Nilidhani nimetenda wema. Lakini uongo ule ulizaa. Mdogo mtu alipotaka kujenga na kuoa katika shamba lile, mama alikataa, akasema mwenyewe anarudi. Waligombana. Mwaka 1963 yule mdogo naye akapanda lori la manamba, akamwacha mama yake peke yake na migomba ya mtu asiyerudi. Mimi nilikwisha kwenda Kasulu shule ya kati. Niliposikia habari hizo nilinyamaza, na niliendelea kunyamaza miaka yote niliyokaa Tabora.

SHULE YA WENGI

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vijana wa leo huenda wakaona ni maneno ya siasa tu, lakini sisi tuliyaona kwa macho. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vya kando ya barabara. Siwezi kusema kwamba uhamisho ule ulikuwa mtamu. Wazee waliokwisha kuhamishwa kwa ajili ya malale walihamishwa tena, na migomba iliachwa nyuma. Lakini vijijini palikuwa na darasa, na jioni darasa lilijaa akina mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye mikono migumu ya jembe, wakishika chaki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima kusikiliza redio katika vikundi na kujadili vyoo, maji na malaria. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1986 walikuwa karibu asilimia 10.

Mwaka 1974 nilikwenda nyumbani likizo, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye kalamu mbili mfukoni. Yule mama alinituma niitwe. Nilimkuta amekaa mlangoni, kopo liko magotini. Akatoa barua moja, akaanza kusoma kwa sauti, akishika kila neno kwa kidole. Alisoma polepole sana. Alisoma mpaka mwisho.

Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Ulikuwa mtoto, mwanangu. Lakini mdogo wake hajarudi mpaka leo." Halafu akaniuliza habari za kazi, kama kawaida, akanipa uji.

Sikupata adhabu nyingine zaidi ya hiyo, na yanitosha mpaka leo.

Tangu siku ile nimeamini kwamba shule ya wachache ni hatari, hata kama wachache hao ni watu wema. Anayejua kusoma peke yake huwa bwana wa wasiojua, apende asipende. Karani wa mkonge alikuwa bwana. Mimi wa miaka 11 nilikuwa bwana vile vile. Shule hutimiza kazi yake pale kila mtu anapoweza kuisoma barua yake mwenyewe.

YALIYOFUATA

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 watoto wakaingia shule kwa wingi. Kasoro zilikuwako. Madarasa yalikuwa chini ya miti, vitabu vilikuwa haba, na vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu baada ya mafunzo mafupi ya vijijini. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, karo na michango ikarudi, na watoto wa maskini wakarudi nyuma. Karo ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, shule za kata zikajengwa, na tangu mwaka 2016 sekondari mpaka kidato cha nne hailipiwi ada. Mtoto wa kijijini kwangu leo haendi tena kupanda treni ili apate kidato cha kwanza.

Wilaya zetu zilipata somo jingine kutoka kwa wageni wetu. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa, maelfu walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa Wakongo. Niliwaona watu waliopoteza nyumba, ng'ombe na ndugu wakikusanya watoto chini ya turubai na kuanza masomo, kila taifa kwa mtaala wa kwao, ili siku ya kurudi mtoto asiwe mgeni. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mabati hung'olewa, turubai huoza, lakini alichosoma mtoto aliondoka nacho.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, tunapokutana tunapenda kuhesabu nani amekuwa nani. Si vibaya. Lakini napendekeza tuhesabu na jambo lingine: kila mmoja wetu amesaidia wangapi wajisomee wenyewe? Wako watoto wanaomaliza darasa la saba bila kusoma ukurasa mmoja kwa ufasaha. Wako wasichana wanaoacha masomo kwa mimba na ndoa za mapema. Wako wazee wanaoweka dole gumba kwenye mikataba ya ardhi. Kwao, mwaka 1961 haujapita.

Nanyi vijana mlioko shuleni, siku bibi yako atakapokuletea simu akasema, "Nisomee ujumbe huu," msomee ulivyo, hata kama unauma. Halafu kaa naye umwonyeshe herufi.