Project Linus

Project Linus ni shirika la hisani la Marekani lililoanzishwa mwaka 1995 na Karen Loucks, jimboni Colorado, baada ya kusoma habari za mtoto mwenye saratani aliyefarijiwa na blanketi lake wakati wa matibabu. Watu wa kujitolea hufuma au kushona mablanketi mapya yanayofulika, kisha huyatoa kwa watoto wagonjwa au waliopatwa na misiba. Wapo wanaosema blanketi la kiwandani lingetosha, na fedha ziende kwenye dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa haiondoi hofu ya usiku wodini. Daktari wa watoto Donald Winnicott alieleza mwaka 1953 jinsi kitambaa laini kinavyomsaidia mtoto mchanga kustahimili kutengana na mama. Tena, tofauti na shuka za hospitali, blanketi la Project Linus huwa mali ya mtoto mwenyewe.